Goti la Mama Mkwe

Kazi yangu ni kutazama magoti ya watu. Nimeyatazama miaka mingi, hospitalini na kwenye zahanati za mkoa huu wa Mara: magoti ya wavuvi, ya walimu wastaafu, ya akina mama waliolima wakiwa wameinama tangu utoto. Nikikuona unashuka kwenye bodaboda, najua ni goti lipi linakusumbua kabla hujanisalimia. Najisifu? Ndiyo, najisifu, na nimeanza hivyo makusudi, ili ujue kwamba nilichokifanya Nyamuswa hakikutokana na kutoijua kazi.

Miaka michache iliyopita niliajiriwa kwenye utafiti wa tiba ya magoti yaliyosagika. Kati ya mfupa na mfupa kuna gegedu, kile kitu cheupe cha kuteleza unachokiona kwenye goti la mbuzi ukimchuna. Ikilika, mifupa inasagana, na mtu anaanza kupanga safari yake kwa kuhesabu sehemu za kukaa. Sisi tulitaka kujua kama sindano moja inayochomwa ndani ya goti inasaidia kweli au watu wanajifariji tu. Washiriki waligawanywa kwa bahasha: nusu walichomwa dawa, nusu walichomwa maji ya chumvi, na wote walifundishwa mazoezi. Aliyechomwa hakujua kapata nini. Mimi niliyepima nilikuwa sijui pia, maana ningejua, ningewaona waliochomwa dawa wana nafuu hata pale ambapo haipo.

Vituo vyetu vilikuwa vitatu: Musoma mjini, Butiama, na Nyamuswa kwa watu wa Bunda. Tulikuwa wapimaji wawili, mimi na nesi mmoja mzaliwa wa Bunda, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi. Kila mshiriki alipokuja tulimuuliza maumivu yake ni namba ngapi, sifuri hadi kumi. Tukahesabu ameinuka mara ngapi kwenye kiti kwa nusu dakika. Tukalipima goti linakunja mpaka wapi. Mwisho, na hili lilikuwa limeandikwa kwa herufi nzito, tukaweka kiganja juu ya goti kusikia kama lina joto au limevimba. Lina joto, unaacha yote, unampeleka mgonjwa hospitali siku hiyohiyo.

Hiyo namba ilitutoa jasho. Mzee mmoja wa Butiama nilimuuliza, "Maumivu ni ngapi, mzee?"

"Yapo."

"Sifuri hadi kumi?"

"Mwanangu, mimi sijawahi kuyahesabu. Ninayakutaga tu asubuhi yananisubiri."

Nesi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nikaandika saba, yeye akanikemea, akanilazimisha nimuulize tena mzee mpaka ataje mwenyewe. Alikuwa na haki. Namba ni ya mgonjwa, si ya mpimaji.

Siku ya kwanza ya kuandikisha watu Nyamuswa nilitoka nje kuhesabu waliokuja. Kwenye benchi, wa tatu kutoka mlangoni, alikuwa amekaa mama mkwe wangu. Niligeuka hapohapo nikaingia stoo.

"Vipi, umeona nyoka?" nesi akauliza.

"Mkwe. Yuko nje. Yule wa kanga ya kijani."

"Makubwa!" Akachungulia dirishani. "Basi huyo ni wangu. Wewe kaa mbali."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi, lakini wewe pengine unahitaji. Kwa watu wa mke wangu, kama ilivyo kwetu, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hampeani mkono. Mkikutana njiani unaacha njia unaingia majanini, yeye anajitanda kanga na kugeuza uso, mnasalimiana kila mtu akitazama upande wake. Hamli chumba kimoja. Humtaji jina. Siku hizi vijana wa mjini wanapiga picha wamemkumbatia mama mkwe, wanazirusha kwenye simu, shauri yao. Mimi katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijamtazama usoni kwa muda wa kutosha kukueleza pua yake ikoje. Na usije ukadhani ni chuki. Kila baada ya mavuno alikuwa anatutumia mtama, na gunia kubwa kuliko yote anasema, "Hili ni la baba," maana yake mimi.

Alikuwa mjane, anaishi peke yake nje kidogo ya senta ya Nyamuswa. Alizaa watoto wawili. Wa kiume alishafariki, akabaki mke wangu. Kwa hiyo goti lile halikuwa goti tu. Alikuwa amemwambia mke wangu kwenye simu, "Hili goti likinishinda mtanipeleka wapi?" na pa kumpeleka palikuwa mahali pamoja tu, kwetu Makoko, Musoma mjini, nyumbani kwa mkwe. Alale chumba kinachopakana na changu? Akaoge saa ngapi? Mke wangu alikata simu akalia. Mama mtu hakuwa anatafuta kupona ili acheze ngoma. Alitaka kubaki kwake, kwenye jiko lake na shamba lake la mihogo, mpaka siku atakayochukuliwa na Mungu.

Ndiyo maana nesi alipofika kwenye swali la fomu linalouliza kama mshiriki ana undugu na mtu yeyote wa timu, akainua kalamu na kunitazama, nikamwambia, "Andika hapana."

"Una uhakika?"

"Wakijua watamtoa. Andika hapana, utakuwa unampima wewe."

Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba wasingemtoa. Wangeandika tu kwamba mimi nisimguse, na siku ambayo nesi hayupo wangeleta mtu mwingine. Swali dogo lile lilikuwa limewekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Nililiruka kwa kujifanya mwerevu.

Alichomwa sindano yake na daktari. Wiki mbili baadaye ilikuwa zamu yake ya kupimwa, na asubuhi hiyo nesi akanipigia simu kwamba kafiwa na shangazi yake, yuko njiani kwenda msibani. Ningefanya nini? Ningempigia daktari mkuu wa utafiti, nimwambie ukweli, aniletee mtu kutoka Musoma. Sikupiga. Ningepiga ningekuwa najishtaki.

Nilipima watu wengine kwanza. Nilikuwa chumbani nilipoisikia pikipiki ikisimama, kisha fimbo ikigonga sementi, taratibu sana, gonga, kimya, gonga, kimya kirefu. Ungekuwa mwendo wa mtu mwingine ningetoka mbio. Niliusikia, nikaujua kwamba ni wake, nikaanza kutafuta mlango wa kutokea.

Ilipofika zamu yake nilizunguka nje. Yeye akaingia chumbani, akakaa. Mimi nikasimama nyuma ya dirisha, mgongo wangu ukimwelekea, fomu nimeiweka juu ya ubao wa kuandikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Watoto wanakusalimu. Mama, nesi amefiwa. Nitakuuliza hapahapa."

"Uliza, baba."

"Maumivu, sifuri hadi kumi, ni ngapi?"

"Mbili."

"Goti lina joto?"

"Halina."

"Limevimba?"

"Liko salama, baba. Namshukuru Mungu."

Nikaandika mbili. Kwenye kisanduku cha joto na uvimbe, kile ambacho hujazi mpaka kiganja chako kiwe kimegusa goti la mtu, nikaweka alama ya hapana. Kuinuka kwenye kiti na kukunja goti nikaacha wazi, nikijidanganya kwamba nesi atakuja kujaza. Akina mama waliokuwa kwenye benchi walinisifu. Mmoja alisema kwa sauti, "Huyu ndiye mkwe. Angekuwa mwingine angeingia tu na mikono yake." Nikafurahi, nakuambia ukweli. Nilirudi Musoma jioni ile nikijiona mtu mwenye adabu zake.

Siku nne baadaye mama alikuwa hapokei simu. Mke wangu alipanda gari la asubuhi, akamkuta amelala sakafuni karibu na mlango, mwili unawaka, goti limejaa mpaka ngozi inang'aa. Jirani alikuwa anampelekea uji na yeye anamwambia ni malaria. Mke wangu alinipigia akipiga kelele, sikuelewa neno hata moja, nikaelewa.

Hospitalini walilifungua goti wakatoa usaha, wakaliosha, wakalifungua tena. Sindano yoyote inayoingia ndani ya goti ina hatari hiyo, mara chache sana, na tulikuwa tumewasomea wote kabla hawajaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Hakuna aliyekosea kwenye kuchoma. Lakini daktari wa upasuaji alinieleza kitu ambacho nilikuwa nakijua kabla hajafungua mdomo: wadudu wakiingia kwenye goti, kila siku moja ina maana yake. Angeletwa siku ile ya kupimwa, kulikuwa na nafasi nzuri. Siku nne zilitosha kulimaliza.

Kwa kuwa yalikuwa madhara makubwa, bahasha yake ilifunguliwa. Alikuwa amechomwa maji ya chumvi.

Nilikwenda mwenyewe kwa daktari mkuu wa utafiti. Ni mama mtu mzima, mgeni katika mkoa wetu, mpole. Nikamweleza undugu, nikamweleza dirisha, nikamweleza kile kisanduku. Angenifokea ningeshukuru. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta faili, akaiweka ile fomu mezani kati yetu.

"Alisema mbili?"

"Alisema mbili. Lakini haiwezekani ilikuwa mbili."

"Nesi amemuuliza mara mbili wodini. Bado anasema mbili." Akavua miwani. "Unajua utaratibu. Kosa halifutwi, linapigwa mstari mmoja, la zamani lisomeke, sahihi inaandikwa pembeni. Kile kisanduku naweza kukipiga mstari, maana umekiri hukugusa. Hii namba siwezi. Si yako wala si yangu. Kama kuna nyingine, aitaje yeye, niiweke kwenye maelezo ya tukio."

Akanisimamisha kazi mpaka taarifa itakapokamilika. Nikasaini.

Mama alitoka hospitali baada ya wiki nyingi na mguu ulionyooka moja kwa moja. Goti lilikuwa limekauka, halikunji tena. Kwake choo ni cha kuchuchumaa, jiko ni la mafiga, kizingiti ni cha kuruka. Mke wangu hakuuliza mtu. Alimleta Makoko.

Sijui nikueleze vipi nyumba yetu ilivyokuwa miezi ile. Nilianza kulia chakula changu uani. Nikipita kwenye korido nilikohoa kwanza, nikasubiri, nikapita nikitazama ukuta wa upande mwingine. Watoto walifurahi kuwa na bibi, walikuwa wanamsomea masomo yao na yeye anawasahihisha hata asiyoyajua. Lakini mimi nikiwa ndani, sauti yake ilikuwa haisikiki kabisa. Siku moja mke wangu akaniambia kwa hasira, huku anageuza sato kwenye kikaango, "Unajua mama hanywi maji wewe ukiwepo?"

"Kwa nini?"

"Akinywa itabidi aende chooni. Choo kiko mbele ya kiti chako. Anabana tangu unaporudi mpaka unapolala."

Nilitoka siku hiyo nikatembea mpaka ziwani, nikakaa juu ya mawe nikashindwa hata kujitukana. Mama wa watu anateseka ndani ya nyumba yangu kwa ajili ya heshima yangu. Tangu hapo nikawa naondoka alfajiri na kurudi giza limeingia, mtu asiye na kazi, nazurura sokoni na mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi, nikiuliza bei ya samaki ambao sina mpango wa kuwanunua.

Kilichokuwa kinanikera zaidi ni ile mbili. Kila mtu aliyemuuliza alimpa mbili: nesi, daktari wa wodi, mwanawe mwenyewe. Kwa muda nilidhani ameng'ang'ania tu, wazee wetu wanakuwaga hivyo. Halafu siku moja, nikiwa pale mwaloni, nikaelewa. Kwa hesabu yake, ikibaki mbili, mimi sina kosa. Nilimuuliza mgonjwa, mgonjwa akajibu, nikaandika. Ikiwa nyingine, nimekwisha, na mume wa mwanawe amekosa mkate.

Nilirudi nyumbani mchana, saa ambayo sikuwa natakiwa kuwepo. Mke wangu alikuwa uani anachambua dagaa. Alinitazama, akaendelea kuchambua. Nikaenda mpaka kwenye mlango wa mama.

"Hodi, mama."

Nikasikia anahangaika na kanga. "Mwenzako yuko uani, baba."

"Nimemwona. Nimekuja kwako. Naomba niingie."

Nilidhani atakataa, na sehemu yangu moja ilikuwa inaomba akatae.

"Mlango uuache wazi," akasema.

Niliingia nikakaa chini sakafuni, macho yangu kwenye miguu ya kitanda. Alikuwa amekaa na mguu ameunyoosha mbele, ameufunika. Nikaifuta mikono kwenye suruali, mimi ambaye nimeshika magoti ya nusu ya mkoa huu.

"Mama, naomba nilione goti."

"Halina cha kuona."

"Naomba."

Aliivuta kanga kidogo kidogo mpaka juu ya goti, akageuza uso ukutani. Niliona kovu refu la mkato, na misuli ya paja iliyokwisha. Nikaweka kiganja. Halikuwa na joto sasa. Nikashika kwa mikono miwili nikajaribu kulikunja taratibu, na halikwenda, hata kidogo halikwenda.

"Siku ile Nyamuswa ilikuwa ngapi?"

"Si nilisema mbili."

"Mama."

"Ukiandika nyingine watakufukuza."

"Waache wanifukuze."

Ndipo alipogeuka akanitazama usoni, na mimi nikamtazama. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyokuwa nadhani.

"Tisa," akasema. "Usiku wake sikulala. Niliposhuka kwenye pikipiki niliona giza, yule kijana akanishika."

"Sasa kwa nini ukaniambia mbili?"

"Nilikuona umesimama pale nje umetupa mgongo. Nikasema, nikitaja tisa huyu ataingia. Ataingia anifunue, benchi zima linatazama, na wewe hutaweza tena kuja kwangu na mwanangu tukakaa kama watu. Nikaona heri niseme mbili, niende nyumbani, nitajikanda kwa maji ya moto."

Nilitoa karatasi mfukoni nikaandika tisa, na chini yake nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Nikamsomea. Akaweka dole gumba.

"Sasa na wewe uniambie ukweli," akasema. "Mwanangu ananidanganya. Yule nesi ananidanganya, kila akija ananiambia tufanye mazoezi. Wewe ndiyo kazi yako. Mvua za vuli nitakuwa kwangu?"

Nje mke wangu alikuwa ameacha kuchambua. Mkono wangu ulikuwa bado uko juu ya goti lake.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hutarudi."

Aliivuta kanga akajifunika mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Haya, baba. Asante," akasema. "Sasa toka, uniitie mwanangu. Mbele yako siwezi kulia."